Mwiba

Februari tatu, Kirumba. Mvua imekatika alfajiri.
Katekista Lubango amefunga mishumaa miwili kwa utepe mwekundu,
anaipitisha chini ya kidevu cha kila mtu
kama mkasi usiokata,
nasi tuliotoka mwaloni tunanyoosha shingo
zinazonuka dagaa hata baada ya sabuni.

Kwa maombezi ya Blasi, askofu na mfiadini,
Mungu akuepushe na maradhi ya koo.
Amina, nasema.
Lakini mimi nina maneno na Blasi.

Kwanza, lile pango.
Watu wa Kaisari walipomsaka alijificha mlimani,
na wanyama wakapanga foleni wabarikiwe.
Lubango hutaja simba, hutaja mbwamwitu.
Mimi namwona hapa hapa, juu ya nyumba zetu,
kati ya mawe yaliyobebana mgongoni,
pimbi wakimjia na meno yao ya mbele,
na mjusi kafiri, kichwa chekundu,
akiinama, akiinuka, akiinama,
kafiri wa jina tu.

Wakamkamata. Njiani mama mmoja akamlaza mtoto miguuni pake:
mwiba wa samaki kooni, midomo imegeuka rangi.
Hapo ndipo hushusha macho,
maana mtoto huyo namjua. Ni Bundala, mdogo wangu,
mwaka ule tulipokula mapanki asubuhi na jioni,
minofu imeshapanda ndege.
Mama alimshindilia tonge kavu la ugali,
akampiga mgongo, akamwita kwa jina la babu,
kisha akambeba, akapanda kilima cha Bugando
bila viatu. Hapakuwa na askofu njiani,
ila mlinzi wa lango aliyeuliza kadi.

Ya Kaisari mpeni Kaisari, tumefundishwa.
Sawa. Minofu tumempa.
Miba je, ni ya nani?

Bundala alipona. Sauti ndiyo haikupona:
anaongea kama mlango wa bati unaoburuzwa kwenye saruji,
na kanisani haji.
"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," alimwambia Lubango.
"Mimi wangu nililishwa."

Halafu lile ziwa. Lubango hulipita mbio,
kama mtu anayepita nyumba anayodaiwa.
Walimtupa majini; akasimama juu yake kama yangeyange,
akawaita askari: njooni, kama miungu yenu ina nguvu.
Wakaja. Wakazama.
Hapo sikupendi, Baba Askofu.
Sisi tunajua ziwa linavyorudisha watu,
siku ya tatu, wamevimba, saa bado inatembea mkononi.
Askari naye ana mama
anayesimama ufukweni na kanga ya kumfunika.

Walimchana ngozi kwa machanuo ya chuma.
Chanuo hilo ninalo: ubao, misumari, vizibo vinne vya soda.
Kila siku kabla ya jua naparuza sato, mkiani kwenda kichwani,
magamba yananirukia usoni, yananing'arisha.
Leo nimeparuza polepole.
Mteja akaniuliza kama naumwa.

Mwisho wakamkata shingo.
Karne zote hizi watu wanamletea koo zao,
na la kwake hakuna aliyelipitishia mshumaa.

Foleni ilipokwisha nikamwomba Lubango ile mishumaa.
"Ya nini?"
Akanitazama, akafungua utepe, akaufunga tena, akanipa.

Bundala kalala, katoka zamu ya usiku kiwandani;
ni yeye sasa anayekata minofu.
Sikuiwasha. Nikaiweka shingoni pake, baridi,
maneno ya Lubango yakanikimbia yote.

Akafumbua jicho moja.
"Nani?" kwa sauti ile ya bati.
"Mimi."
Akafikiri kidogo.
Akainua kidevu.